Jibu: Mvinyo wa embe umekuwa na ladha ya mbao tupu

Ndugu, kosa si mwaloni (mti mgumu ambao mbao zake hutengenezea mapipa), ni ukubwa wa pipa. Umeweka mvinyo miezi 3 kwenye kipipa kipya cha lita 5 kwa sababu umesikia wenzetu huuacha mwaka mzima. Wao hutumia pipa la lita 225. Chako kinagusisha kila lita na mbao karibu mara tatu na nusu zaidi, na joto la Mombasa linaharakisha mambo. Mara ya kwanza wiki 2 zatosha. Onja kila baada ya siku 3.

Mbao zina kemikali zinazotoa harufu: vanilini hutoa ya vanila, laktoni ya nazi (mwaloni wa Marekani unazo nyingi kuliko wa Ufaransa), na eujenoli ya karafuu. Harufu ya moshi na mkate uliobanikwa huja kwa sababu ndani ya pipa huchomwa moto. Ule ukakasi unaokukausha ulimi ni tanini.

Usisahau kujazia. Mvinyo hupungua kupitia mbao, hewa hukaa juu, na bakteria hugeuza kileo kuwa siki. Jazia kila wiki hadi kwenye kizibo, na tafadhali, kipipa kisikae kwenye stoo ya mabati, kuna joto!

Huo ulioharibika uchanganye na mvinyo usioguswa na mbao, ukijaribu kwanza kwenye glasi, nusu kwa nusu. Sukari usiongeze, utaamsha hamira. Kipipa kikibaki kitupu kijaze mchanganyiko wa maji, asidi ya limau na salfaiti (kemikali ya kuzuia vijidudu). Kikikauka mbao husinyaa na kuvuja.