Maziwa Yaliyokataa Kuganda: Ushauri kwa Wanaotengeneza Mtindi

Katika mwaka wangu wa pili wa kutengeneza mtindi wa kuuza hapa Mbarara, magharibi mwa Uganda, nilifunua ndoo 2 za lita 20 alfajiri nikayakuta maziwa kama nilivyoyaacha usiku: mepesi, matamu, yakitiririka kwenye kijiko kama yaliyokamuliwa muda huohuo. Nilikuwa nimeyachemsha, nimeyapoza, nimetia chachu ileile iliyofanya kazi siku iliyotangulia, na nimefunika ndoo kwa blanketi. Niliyaongezea saa 4, yakaanza kutoa harufu mbaya bila kuganda. Nililaumu baridi ya usiku, nikailaumu chachu, nikanunua nyingine. Kesho yake, kwa maziwa ya mfugaji yuleyule, hasara ikawa ileile.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja wa mifugo, ambaye hakuuliza lolote kuhusu ndoo zangu. Aliuliza kama kuna ng'ombe aliyetibiwa kiwele wiki ile. Mzee anayeniuzia maziwa alipoulizwa hakuficha: ng'ombe wake mmoja alikuwa ametiwa dawa ya antibiotiki kwenye chuchu, na maziwa yake yaliendelea kumiminwa pamoja na ya wenzake katika jerikeni moja.

Ndugu msomaji, ukitaka kufanya kazi hii, anza kwa kukubali kwamba wanaotengeneza mtindi si wewe. Ni bakteria wa aina mbili, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, wanaokula sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoifanya protini ya maziwa ishikamane na kuwa nzito. Antibiotiki haiwezi kutofautisha bakteria anayeumiza kiwele na bakteria anayekulishia watoto. Ikimkuta yeyote inayemweza, humzuia. Kiwango cha juu cha penisilini, mojawapo ya antibiotiki hizo, kinachoruhusiwa katika maziwa na Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni mikrogramu 4 tu kwa kilo, nawe unaweza kukadiria dozi ya ng'ombe mmoja inaweza kuharibu maziwa ya wangapi. Wala usijidanganye kwamba moto utakuokoa: kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini hakuiondoi dawa yote.

Tangu siku ile, kabla sijapokea maziwa kutoka kwa mfugaji mpya, huchukua kikombe kimoja cha maziwa yake na kikombe kimoja cha maziwa ninayoyaamini, nikavichemsha, nikavipoza sawasawa, nikatia kijiko kimoja cha chachu ileile katika kila kimoja na kuviweka mahali pamoja penye joto. Cha pili kikiganda na cha kwanza kikabaki maji, basi kosa haliko kwa chachu wala kwa baridi. Kipimo hiki cha nyumbani hakigundui kila dawa, kwa hiyo kisikufanye uache kuuliza. Hata hivyo maabara za maziwa hutumia wazo hilohilo: huweka maziwa juu ya rojo la zambarau lenye mbegu za bakteria, na bakteria wakikua hutoa asidi inayoligeuza rojo kuwa la manjano, likibaki zambarau, maziwa yana kitu kinachowazuia wasikue.

Kinachonigusa zaidi katika habari hii ni kwamba penisilini yenyewe ni kazi ya kiumbe kidogo. Mwanasayansi Alexander Fleming aliiona mwaka 1928 jijini London, pale ukungu, ule unaoota kwenye chakula kilichooza, ulipoingia kwenye kisahani chake cha kuoteshea bakteria, na bakteria waliokuwa karibu nao wakatoweka. Lakini ukungu wake ulitoa dawa kidogo mno. Mwaka 1943, huko Peoria nchini Marekani, ukungu uliopatikana kwenye tikiti lililooza ulionekana kutoa dawa nyingi zaidi, na wataalamu wakaukuza katika matangi makubwa, wakiulisha maji yaliyobaki baada ya kuloweka mahindi viwandani. Joto linalofaa, chakula kinachofaa, chombo safi: ni mambo yaleyale ninayohangaika nayo jikoni kwangu. Viwanda vingine hufuata njia hiyohiyo, kwani insulini ya wagonjwa wa kisukari hutengenezwa na bakteria au hamira zilizopewa jeni ya binadamu, na hapa kwetu Uganda, katika kiwanda cha sukari cha Kakira, masalia ya miwa hulishwa hamira ili kupata spiriti.

Fleming alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba kutumia dozi ndogo kupita kiasi huwafundisha vijidudu kuistahimili dawa. Maziwa yenye mabaki ya antibiotiki ni dozi ndogo kama hiyo, inayonywewa na mtu asiyeumwa. Ndiyo maana nakusihi: usinunue vidonge viwili vya antibiotiki dukani kwa sababu ya mafua, ambayo huletwa na virusi wasiozisikia dawa hizo, na usimchome ng'ombe sindano kwa kukisia.

Kuhusu chachu yenyewe, sina mengi. Itie maziwa yakiwa na joto la nyuzi 42 hadi 45, na ununue kipimajoto badala ya kuamini kidole, maana maziwa yanayounguza huiua. Toa mtindi kidogo uwe chachu ya kesho kabla ya kutia sukari au kijiko cha mtu yeyote. Jerikeni la plastiki liepuke ukiweza, kwa sababu mikwaruzo ya ndani huficha uchafu usiofikiwa na brashi. Wazee wetu wa hapa Ankole waliofukiza ebyanzi, vyombo vyao vya mti, kwa moshi wa nyasi walijua kwamba chombo ni nusu ya maziwa. Bushera, kinywaji chetu kichachu cha nafaka, ni rahisi zaidi, kwa kuwa unga wa mtama uliooteshwa huja na bakteria wake, lakini hata huo hunoga ukibakiza kidogo cha jana chunguni.

Mzee yule bado ananiuzia maziwa. Ng'ombe anayetibiwa hufungwa kitambaa chekundu mguuni ili hata kijana wa kukamua asikosee, hukamuliwa wa mwisho, na maziwa yake humwagwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Siku hizo mimi humlipa nusu ya bei ya lita anazomwaga. Wengine sokoni huniona mjinga, lakini mfugaji anayebeba hasara yote peke yake siku moja atashawishika kunyamaza, na nusu bei ya lita 6 ni ndogo kuliko ndoo 2 nilizozimwaga asubuhi ile.