Diski moja haitoshi: nilichojifunza kwa wahifadhi wa nje wenye bajeti ndogo

Mkuu, umeuliza wenzetu wa nje wanahifadhije nyaraka za kidijitali kwa gharama nafuu, maana ofisini kwenu mmemaliza kuskani majalada na kazi yote iko kwenye diski moja. Hiyo diski moja ndiyo inayonitia hofu.

Yalinikuta. Tulikuwa na picha za zamani za wilaya, tukaziskani kwa miezi minane, tukafungia diski kabatini. Siku tuliyoihitaji ikawa inagonga tu, tik, tik, tik, kompyuta haiioni. Albamu zenyewe zilikuwa zimeshaliwa na mchwa.

Nilidhani huko nje kila mtu ana mitambo ya mamilioni. Sivyo. Kule Illinois, Marekani, vyuo vikuu vitano visivyo na fungu la kutosha kwa kazi hii viliungana kuanzia mwaka 2012 katika mradi wa POWRR. Ripoti yao ya 2014 ilinipa moyo sana: usisubiri mfumo uliokamilika, fanya kinachowezekana sasa. Nao NDSA, muungano wa taasisi za Marekani zinazoshughulikia uhifadhi wa kidijitali, umepanga ngazi nne za uhifadhi, na ngazi ya kwanza inadai nakala mbili kamili zisizokaa mahali pamoja. Hiyo hata ofisi ya watu wawili inaiweza.

Lakini nakala bila ukaguzi ni kujidanganya. Mpango wa LOCKSS, ulioanzia Stanford mwaka 1999, hutumia kompyuta za kawaida za maktaba mbalimbali: zinalinganisha nakala zao, na iliyoharibika inarekebishwa kutoka kwa nzima. Mimi naiga hilo kwa mkono. Kila faili natengenezea cheksamu, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika hata kikibadilika kitu kidogo tu ndani ya faili. Kila mwanzo wa mwezi nalinganisha. Safari moja picha moja ya TIFF (aina ya faili ya picha) ilikataa kulingana. Nikaifungua: juu nyuso za watu safi kabisa, nusu ya chini kijivu kitupu. Nikachukua nakala iliyokuwa jengo la pili, dakika tano yakaisha. Bila ukaguzi ningeendelea kunakili ubovu juu ya uzima.

Programu za bure zipo. DROID, ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, inakutambulia aina za faili ulizonazo. BagIt, utaratibu uliotoka Maktaba ya Bunge la Marekani na maktaba ya kidijitali ya California, unafungasha faili pamoja na orodha ya cheksamu zake. Archivematica, inayounganisha hatua za uhifadhi mahali pamoja, nayo ni bure na ni nzuri, ila inataka mtu anayeielewa seva. Sisi hatukuwa naye, tukaiacha.

Kwa hiyo kabla ya kuomba fedha za mfumo, nunua diski ya pili, ya kampuni tofauti na ile ya kwanza, nakili kila kitu, tengeneza cheksamu, kisha ipeleke jengo lingine wiki hii hii. Ukikwama kwenye cheksamu, taja hapa mnatumia Windows au Linux na faili ni ngapi, nitakuelekeza hatua kwa hatua.