Lisbon kwa Mgeni Atokaye Pwani ya Afrika Mashariki

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, umejengwa juu ya vilima vinavyoshuka hadi mto Tejo, na wageni wake wengi huandaliwa ratiba inayofanana: tramu namba 28 asubuhi, mnara wa Belém mchana, muziki wa fado usiku. Ratiba hiyo si mbaya, lakini mtu aliyekulia Kilwa, Malindi, Mombasa au Unguja akiifuata hiyo peke yake, ataondoka bila kukutana na sehemu ya historia ya kwao iliyohifadhiwa katika mji ule. Niliishi Lisbon kwa ajili ya masomo, na ndugu na marafiki walipokuja kunitembelea ni mimi niliyewazungusha, hivyo ushauri ninaoutoa hapa ndio niliokuwa nikiwapa wao.

Siku ya kwanza, kabla ya kupanda kilima chochote, nenda Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho yaliyoko mtaa wa Janelas Verdes, uulizie monstransi ya Belém. Ni chombo cha dhahabu na enameli ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyeshea Ekaristi, na katikati yake zimo sanamu ndogo za mitume kumi na wawili waliopiga magoti. Usiishie kwenye uzuri wake. Zunguka kabati la kioo hadi uyaone maandishi ya kwenye kitako, yanayosema kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Kodi hiyo haikutolewa kwa hiari: mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Kilwa akiwa na mizinga, akamlazimisha Amir Ibrahim, aliyekuwa akiutawala mji, akubali kumlipa mfalme wa Ureno dhahabu kila mwaka. Ilikuwa dhahabu ya bara iliyopitia Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, ileile iliyoutajirisha mji wa Kilwa kwa vizazi kadhaa. Kazi ya ufundi hunasibishwa na sonara Gil Vicente, na mwaka mmoja kabla ya kukamilika, kundi la merikebu za Francisco de Almeida lilikuwa limekwisha kuivamia Kilwa yenyewe na kuipora. Mimi ni mtu wa kusini mwa pwani, na sijui kitu kingine chochote katika Ulaya kinachonigusa kama kile. Ninamsihi kila Mswahili anayefika Lisbon akione kwanza, kwa sababu baada ya hapo hataitazama Belém kwa namna ileile.

Belém ni upande wa magharibi wa mji, na tramu namba 15 hukufikisha huko kutoka Praça da Figueira bila kubadilisha. Monasteri ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1501 na ambayo sehemu kubwa ya gharama zake ilitokana na ushuru wa biashara ya viungo, ndiyo iliyorithishwa monstransi ile katika wasia wa Mfalme Manuel. Ndani ya kanisa lake, karibu na mlango, yapo makaburi ya Vasco da Gama na ya mshairi Luís de Camões, yakitazamana. Nakshi za mawe zimejaa kamba za merikebu na viumbe vya baharini, na inafaa kuyatazama matao ya ua wa ndani polepole, upinde mmoja baada ya mwingine, maana hakuna mawili yanayokupa picha moja. Nunua tiketi mapema kwa intaneti, ufike asubuhi, na usiende siku ya Jumatatu, ambayo makumbusho na majengo mengi ya kale ya Ureno hufungwa. Duka la karibu, lililoanza kuuza vikeki vya maziwa na mayai mwaka 1837, huwa na foleni ndefu inayokwenda upesi, na vikeki vyenyewe vinastahili kusubiriwa. Kuhusu mnara mwingine, ule mkubwa wa mabaharia (Padrão dos Descobrimentos) uliojengwa kwa zege na mawe mwaka 1960, wakati wa udikteta wa Salazar, ushauri wangu ni kuupita tu. Ulijengwa kuusifu ukoloni wakati Afrika inadai uhuru, na hauna la kukufundisha ambalo hujaliona kwingine.

Rudi katikati ya mji kwa ajili ya jambo ambalo vitabu vingi vya watalii hulitaja kwa mstari mmoja. Katika karne ya 16, takriban mtu mmoja kati ya kila kumi waliokuwa wakiishi Lisbon alikuwa mtumwa, na wengi wao walikuwa Waafrika. Nyuma ya uwanja wa Rossio kuna kiwanja kidogo cha São Domingos, ambacho kanisa lake lilikuwa na udugu wa waumini weusi waliotumia chama chao kutetea haki zao na kuwakomboa wenzao, na hadi leo watu wenye asili ya Guinea-Bissau na nchi nyingine za Afrika hukutana hapo, huketi, huuza bidhaa na kupeana habari za nyumbani. Kanisa liliungua mwaka 1959, na nguzo zake zilizopasuka kwa moto ziliachwa kama zilivyo. Ingia ndani, halafu nje usome kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa hapo mwaka 1506. Kutoka hapo tembea hadi mtaa wa Poço dos Negros, ambako mwaka 1515 Mfalme Manuel yuleyule aliagiza kichimbwe kisima cha kutupia maiti za watumwa, zilizokuwa zikiachwa ovyo nje ya mji. Leo mtaa umejaa mikahawa. Ni wajibu wetu tunaopita pale kujua tunakanyaga wapi.

Sehemu ya chini ya mji, iitwayo Baixa, ina mitaa iliyonyooka kwa sababu ilijengwa upya baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755, lililofuatwa na mawimbi makubwa kutoka baharini na moto wa siku kadhaa. Serikali ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, iliagiza ndani ya kuta za nyumba mpya zifichwe fremu za mbao zenye kuyumba bila kuvunjika. Anayetaka kuuona mji jinsi ulivyokuwa kabla ya hapo aende Museu Nacional do Azulejo, ambamo picha ya Lisbon ya mnamo mwaka 1700, yenye urefu wa mita 23 hivi, imechorwa juu ya vigae vya buluu na vyeupe.

Kilima cha Carmo kinahitaji muda zaidi. Kanisa lake lisilo na paa ni mabaki ya tetemeko hilo, lakini mimi huwapeleka wageni wangu kwenye kiwanja cha mbele yake, kwenye kambi ambamo Waziri Mkuu Marcelo Caetano, mrithi wa Salazar, alijisalimisha katika mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974, akiwa amezingirwa na askari wa Kapteni Salgueiro Maia na umati wa wananchi. Askari wale walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, na kwa Mtanzania habari hiyo ina mzizi wa nyumbani: FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na wapiganaji wake walipata mafunzo Kongwa na Nachingwea. Baada ya Carmo, shuka Baixa, upande tena hadi karibu na kanisa kuu, uingie Museu do Aljube, gereza la zamani la wafungwa wa kisiasa lililofunguliwa kama makumbusho mwaka 2015. Humo utaona mfano wa vyumba vyembamba alimofungiwa mtu peke yake, na ghorofa moja inazungumzia pia mapambano ya makoloni. Watalii wengi hulipita jengo hilo wakikimbilia tramu, nami ninaona huo ni upotevu mkubwa.

Tramu namba 28 yenyewe ipande asubuhi na mapema kutoka Martim Moniz, la sivyo utasimama umebanwa na wezi wa mifukoni watakuwa na kazi rahisi. Bora zaidi ni kutembea kwa miguu Alfama, sehemu ya kale ya mji, kupitia vichochoro vilivyonusurika tetemeko, hadi kibaraza cha Santa Luzia. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa mawe madogo ya chokaa ambayo huteleza vibaya yakilowa, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli ya mpira, na wazazi wenye umri mkubwa wapangie safari fupi zenye vituo.

Kwa Waislamu, Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na Praça de Espanha, na miongoni mwa waliouanzisha walikuwa watu waliotoka Msumbiji. Chakula cha halali hupatikana kwa urahisi kwenye mitaa ya Mouraria, karibu na Martim Moniz. Kwingineko uliza kabla ya kuagiza, kwa kuwa nguruwe huingia hata kwenye supu ya mboga. Samaki ndiye chaguo salama: dagaa wakubwa wa kuchoma wakati wa kiangazi, au bacalhau, samaki wa chumvi mfano wa ng'onda wetu, anayelowekwa kwa siku moja au mbili kabla ya kupikwa.

Mji wa Sintra, pamoja na majumba yake ya kifalme, unafikika kwa treni kutoka stesheni ya Rossio kwa muda usiozidi saa moja. Uende tu ikiwa una siku nzima ya ziada, tena isiwe Jumamosi wala Jumapili. Siku zako zikiwa chache, zitumie zote Lisbon.