Kabla Hujalipia Singe ya Zamani

Muuzaji atakusimulia habari za babu aliyepigana Tanga mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza. Msikilize kwa adabu, kisha omba kuishika singe yenyewe, kisu kinachochomekwa mbele ya bunduki, mchana kweupe.

Anayeanza ukusanyaji huwa namshauri aanze na singe ya Kiingereza ya muundo wa 1907, ile ya bunduki fupi ya Lee-Enfield iliyobebwa na majeshi ya Uingereza, King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, wakiwemo. Zilitengenezwa nyingi mno, na zina mihuri inayosomeka. Ichomoe kwenye ala, utazame bapa karibu na mpini. Upande mmoja kuna taji, herufi za mfalme, 1907, halafu tarakimu kama "5 16" na jina la kiwanda: Wilkinson, Sanderson, Chapman. Hiyo 1907 ni mwaka wa muundo tu, na hapo ndipo wageni wengi wanapouziwa kwa bei ya kuumiza. Hiyo "5 16" ndiyo inayokuambia singe ilitoka kiwandani Mei 1916. Geuza: alama ya X maana yake bapa lilipindwa kwa majaribio likarudi sawa, na mshale mpana ni alama ya mali ya serikali.

Za mwanzo zilikuwa na ndoano kwenye kikingio cha mkono. Ndoano iliondolewa mwaka 1913 na nyingi zilizokuwa tayari zikakatwa, ndiyo maana zilizobaki nazo ni ghali, na ndiyo maana watu huzichomelea upya. Ukiona ndoano kwenye singe ya Kiingereza yenye tarehe ya 1917, irudishe mezani bila kubishana.

Ninavyovipenda kuliko vyote ni visu vya mahandaki vilivyofuliwa kwa mkono, hasa vile vya Wafaransa vilivyotokana na nguzo za chuma za kushikilia seng'enge. Havina muhuri wala tarehe, kwa hiyo subiri jicho lako lizoee kwanza. Mimi huanza na kutu. Kutu ya miaka mia ni nyeusi, imetulia ndani ya vishimo. Ile ya rangi ya chungwa inayopaka kidole ni ya juzi. Kisha naangalia kama mpini umelika pale vidole vinaposhika kweli.

Msasa usiuguse, tafadhali! Mihuri ikishasuguliwa imekwenda. Kitambaa laini na mafuta ya cherehani vinatosha, na ukikaa pwani rudia mara kwa mara. Ala ya ngozi iweke kando, maana ngozi huvuta unyevu, na dawa zilizotumika kuitengeneza hula chuma.

Ukifika kilima cha Salaita, kule Taita-Taveta nchini Kenya, majeshi ya Uingereza na ya Wajerumani walikopigana Februari 1916, usichimbe. Ukiona kitu, kipige picha papo hapo uwaarifu Makumbusho ya Taifa. Kikishang'olewa hakuna atakayejua kilidondoka upande wa nani, na risasi za wakati ule zinaweza kulipuka hata leo.