Taa isiyozimika

SWALI: Salamu, mama fundi. Tunakarabati nyumba aliyotuachia baba mkwe hapa Mamboleo, Kisumu. Tumebomoa ukuta kati ya jiko na sebule na kupiga dari upya. Fundi wa mawe ndiye aliyeifungua taa ya sebuleni na kuirudisha. Alisema kazi ya dakika kumi haihitaji mtu wa stima. Sasa taa inawaka saa zote. Nikibonyeza swichi ili niizime, pa! Breka inaanguka na taa zote za nyumba zinapotea, ingawa friji inaendelea kunguruma. Nimenunua swichi mpya mara mbili. Jirani anasema breka ya ampea 6 ni ndogo, niweke ya 20. Nifanyeje?
Msomaji, Mamboleo

JIBU: Dada, kama hiyo ya 20 umeshainunua, irudishe dukani leo. Breka haiko pale kwa ajili ya balbu. Inalinda waya uliofukiwa ukutani, na waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita 1.5 za mraba. Ukiweka breka inayouzidi waya nguvu, siku ya hitilafu waya utachemka kabla breka haijashtuka, tena utachemkia juu ya dari yako mpya, penye mbao. Isitoshe, hata ya 20 ingeanguka vilevile. Hapo mzigo haujazidi. Ni laivu, waya unaoleta stima, inakutana na nyutro, waya unaoirudisha, uso kwa uso. Katika kisa chako chote breka ndiyo peke yake iliyofanya kazi yake.

Swichi zako nazo hazina kosa. Panda darini.

Nyumba za zamani nyingi zilifungwa hivi: kwenye kile kikombe cha plastiki kinachoshika taa, mafundi hukiita silingi rozi, huingia kebo tatu. Moja inaleta stima, ya pili inaipeleka kwa taa inayofuata, ya tatu inashuka kwa swichi. Kila moja ina waya mwekundu na mweusi. Fundi wako alipofungua akaona nyekundu tatu na nyeusi tatu, naye akafanya ambalo lingefanywa na mtu yeyote mwenye akili timamu asiyejua stima: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, tepu juu, kwisha.

Lakini ule mweusi wa kebo ya swichi si nyutro. Laivu inashuka kwa mwekundu, inapita kwenye swichi, kisha inapanda na mweusi kurudi kwa taa. Ukiufunga pamoja na weusi wengine, taa inabaki kati ya laivu na nyutro moja kwa moja, kwa hiyo inawaka bila kuomba ruhusa ya swichi. Nawe ukibonyeza swichi, unaunganisha laivu na nyutro kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo hiyo pa!

Usimcheke sana. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya kosa hili hili kwa shangazi yangu, Mumias. Nilimbadilishia taa ya chumbani nikapanda matatu ya jioni nikiwa na kuku wa shukrani chini ya kiti. Shangazi aliishi na taa hiyo siku tatu. Kila usiku alipanda kiti akaichomoa balbu kwa kipande cha leso, asubuhi akairudisha. Alidhani ndivyo taa za kisasa zilivyo. Kuku nilikuwa nimeshamla.

Sasa tiba. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, umwombe akuonyeshe kadi, halafu simama chini ya ngazi uangalie kama anafanya haya. Kwanza anazima meinswichi, ile swichi kuu ya nyumba nzima, na kuhakikisha kwa mita yake ya mkononi kwamba pamekufa kweli. Asiseme tufanye haraka kwa kuwa stima imepotea. Hapa kwetu hurudi bila kubisha hodi. Anatoa balbu. Anatenganisha nyaya zote darini, kila kebo na wekundu na weusi wake, kisha anaweka mita kwenye mlio. Anapima mwekundu na mweusi wa kebo moja moja huku wewe ukiwasha na kuzima swichi. Kebo ambayo mita inalia ukiwasha na kunyamaza ukizima, hiyo ndiyo ya swichi.

Mweusi wa kebo hiyo unakwenda kwa taa peke yake, upande wa laivu, na lazima uvishwe tepu nyekundu ili atakayefungua miaka kumi ijayo asirudie. Wekundu wote watatu wanafungwa pamoja wala hawagusi taa. Weusi wawili waliobaki wanakwenda upande wa pili wa taa. Waya wa ardhi, ule wa kijani au kijani na manjano, hauguswi kwa kazi nyingine yoyote.

Jambo moja zaidi, kama mnaongeza taa jikoni. Kebo mpya zina kahawia na bluu. Kahawia ndiyo nyekundu ya zamani, bluu ndiyo nyeusi. Zikikutana rangi za vizazi viwili kwenye kikombe kimoja, mwambie fundi aandike kwenye karatasi aibandike ndani ya mlango wa kisanduku cha breka.

SWALI: Nimepaka rangi koridoni, Lanet, Nakuru. Kuna swichi mbili za taa moja. Sasa ile ya mlangoni haifanyi kitu mpaka ya chumbani iwe imeshuka. Zamani kila moja iliwasha na kuzima.
Mpaka rangi, Lanet

JIBU: Ulifungua moja ukarudisha nyaya kwa kukisia, sivyo? Swichi ya namna hiyo ina skrubu tatu nyuma: COM (yaani ya pamoja), L1 na L2. Waya wa COM umeuingiza kwa L1 au L2. Nyaya mbili za L1 na L2 hata zikibadilishana nafasi hakuna neno. COM pekee haina mchezo. Na kama umenunua swichi ya kampuni nyingine, usifuate mahali skrubu ilipokuwa kwenye ile ya zamani, kwani kuna wanaoiweka COM juu na wanaoiweka chini. Zima meinswichi, uvae miwani, usome herufi. Kama ile ya chumbani hukuifungua, usiifungue sasa.