Risasi ardhini na ng'ombe wa maziwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninafuga ng'ombe wa maziwa hapa Pongwe, Tanga. Kando ya shamba langu la majani ya tembo walikuwapo watu waliokuwa wakipasua betri chakavu za magari ili kutoa risasi, ile metali nzito iliyo ndani yake. Wamekwisha kuondoka, lakini udongo wa pale umebaki mweusi. Baada ya masika ndama wangu mmoja alianza kusaga meno, akawa haoni hata ukuta ulio mbele yake, na siku ya pili akafa. Je, majani yamefyonza sumu? Na maziwa ya ng'ombe waliobaki yanafaa kunywewa?
Mfugaji, Pongwe

JIBU: Marahaba, na pole kwa hasara. Dalili ulizozieleza zinafanana sana na za sumu ya risasi, ila hazitoshi kukata shauri, kwa kuwa ugonjwa wa moyo maji, unaoenezwa na kupe, na kichaa cha mbwa navyo hushambulia ubongo. Kwa ajili hiyo ya kichaa cha mbwa, mtu asimtie mkono mdomoni mnyama anayetokwa mate, hata kama anadhani amekwamwa na kitu.

Kuhusu majani, risasi hushikamana na udongo, na ile kidogo inayoingia katika mmea hubaki zaidi mizizini, tofauti na kadimi, metali nyingine yenye sumu, ambayo hupanda kwa urahisi hadi kwenye majani. Hatari kubwa kwako, basi, ni vumbi na matope yanayorushwa na mvua juu ya majani, pamoja na udongo ambao ng'ombe huumeza anapolisha chini kwa chini wakati malisho yamekuwa mafupi. Ndama yuko hatarini zaidi, kwani hulamba kila kitu na utumbo wake hufyonza risasi nyingi kuliko wa mama yake. Kipande cha betri kikimezwa huweza kutulia katika tumbo la pili na kuendelea kutoa sumu kwa muda mrefu, na ndiyo sababu mnyama huweza kuugua siku nyingi baada ya kuondolewa pale.

Maziwa msinywe wala msiuze mpaka damu ya ng'ombe wote ipimwe, hata wanaoonekana wazima. Mwili huihifadhi risasi mifupani kana kwamba ni kalsiamu, kisha ng'ombe anapokamuliwa na mifupa ikatoa kalsiamu, risasi nayo hurudi katika damu na kuingia katika maziwa. Kuchemsha hakuiondoi. Mwombe daktari wa mifugo wa halmashauri achukue sampuli. Akifa mwingine, ini na figo ndivyo vya kupimwa, na nyama yake isiliwe. Zipo sindano zinazoshika risasi na kuitoa kwa mkojo, lakini nisikufiche: ndama aliyekwisha kupofuka na kuanguka mara nyingi haponi.

Zungushia uzio eneo lile, kata majani ya mbali nalo, tena juu kidogo ya ardhi, uyaoshe kabla ya kuyatia horini. Chokaa hupunguza risasi inayoingia katika mimea, ila haiitoi ardhini, kwani metali haiozi. Usiuchimbe udongo huo mwenyewe. Toa taarifa kwa halmashauri na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Usicheleweshe taarifa: huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014, na miaka 10 baadaye wakazi walikuwa bado mahakamani wakidai fidia.

SWALI: Mimi ni jirani wa mfugaji huyo. Kuku wangu wa kienyeji hupekua palepale na hawaumwi. Mayai je?
Mama wa Pongwe

JIBU: Kuku huweza kubeba risasi bila dalili yoyote, nayo huingia katika yai, zaidi kwenye kiini kuliko kwenye ute. Wafungie leo, na mayai wasipewe watoto wala mama mjamzito mpaka yapimwe pamoja na damu ya ng'ombe wa jirani yako.