Kuacha lorazepamu baada ya miezi 8

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuacha lorazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, mara moja, kwa kuwa umeitumia miezi 8 na sasa wasiwasi umetulia. Tafadhali usifanye hivyo, kwani ubongo uliokwisha kuizoea dawa hii ukinyimwa ghafla unaweza kuleta degedege, nalo huweza kuua. Mwombe daktari akupangie kupunguza dozi taratibu, mara nyingi kwa asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki 2 hadi 4. Huenda akakuhamishia kwenye diazepamu, dawa ya kundi hilohilo ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Usingizi ukipotea au mikono ikitetemeka, mjulishe, ili mbaki kwenye dozi hiyo kwanza. Hatua za mwisho, zile za robo kidonge, kwa wengi ndizo ngumu kuliko zote, kwa hiyo usizikimbize.